Kompresa ya Mwalimu na Kidole cha Bwana Shamba

Kazi yangu ni upepo. Wenzangu wanauza nyanya na dagaa, mimi nauza kitu ambacho kila mtu anakipata bure puani mwake, na bado wanalipa. Nina kibanda cha pancha hapa Nachingwea, jirani na stendi, huu mwaka wa ishirini na sita. Ukiniuliza habari za presha, vali na mipira, sitakuonea haya. Kwa hiyo niseme mwenyewe kabla hujasikia kwa watu kwamba upepo umeniaibisha mara tatu, na mara zote tatu alikuwepo Mwalimu Valentina.

Mwalimu alinifundisha darasa la sita pale Matambarale, Sayansi na Stadi za Kazi. Fimbo hakuijua. Silaha yake ilikuwa swali. Ukimwambia chungu kimevunjika, atakuuliza ufa ulianzia wapi. Ukimwambia hujui, atakuambia kaa chini ujue. Mtoto akinyoosha kidole, hata awe yule wa nyuma kabisa mwenye kigugumizi, darasa zima lilinyamaza mpaka amalize. Tulikuwa tunamwogopa kuliko walimu wenye fimbo, kwa sababu fimbo huisha na swali unarudi nalo nyumbani.

Mumewe ni Mzee Ildefonsi, ambaye vijiji vyote vya Ruangwa vilimjua kwa jina moja tu, Bwana Shamba. Alizunguka Matambarale, Malolo na Mbekenyera kwa pikipiki ya serikali akifundisha watu kupogoa mikorosho, kuipulizia salfa, ule unga wa kuzuia ukungu, na kuhifadhi pembejeo zao vizuri. Halafu alikuwa na ugonjwa wa ndege. Aliweza kusimamisha mkutano mzima wa wakulima kwa sababu kitu kimelia juu ya mti, akataja jina lake kwa Kimwera, kwa Kiswahili na kwa Kilatini, ndipo akarudi kwenye mbolea. Yeye ndiye aliyegundua redio ya marehemu baba yangu ilikufa kwa nini, lakini hiyo nitaisema mahali pake.

Walipostaafu walihamia hapa Nachingwea, shamba la mikorosho wakabaki nalo kule Malolo. Mwalimu akaanza kuchonga ndege kwa vipande vya mbao laini anavyookota kwa maseremala. Alisema amechoka kuolewa na mtu ambaye mke mwenza anaruka, bora awalete nyumbani awaone vizuri. Aliwachonga vyema, ila kwenye rangi alikwama. Brashi inaacha mistari, na hakuna ndege aliyeumbwa na mistari ya brashi. Manyoya ya njiwa yanatoka kwenye kijivu kwenda kwenye zambarau bila kukuonyesha mpaka uko wapi.

Binti yao Koleta, nesi wa Dodoma, akamwonyesha kwenye simu mtu anayepaka rangi eropleni za kuchezea kwa kitu kama kalamu kinachopuliza rangi. Baadaye akamtumia kalamu yenyewe. Mwalimu akaja nayo kibandani kwangu ndani ya pakiti tupu ya biskuti, akaniuliza kama naweza kumpa upepo.

Nilicheka. Nikamwambia, Mwalimu, hapa ndipo upepo unapozaliwa. Nikaiunga kalamu yake kwenye mpira wa kompresa yangu ya mkanda, ile inayonguruma mpaka mama ntilie wa jirani anapiga kelele akitaka kusikia oda. Kalamu inataka presha kumi na tano, ishirini zikizidi sana. Nikasema nimeshusha, kumbe saa ya presha ilikufa zamani na mimi nilikuwa nakadiria kwa sikio. Rangi ikatoka kwa mkupuo, ikifuatwa na maji ya kutu. Njiwa akawa kama ametoka kwenye dimbwi.

Mwalimu hakukasirika. Aliuliza maji yale yametoka wapi. Nikamwambia ndani ya tangi. Akauliza yameingiaje, wakati mimi natia upepo mtupu. Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza. Akanieleza pale pale, wateja wakisikiliza, kwamba upepo una unyevu wake, ukibanwa unapata moto, ukipoa unaacha maji, kama mfuniko wa sufuria ya wali. Kisha akauliza mara ya mwisho nimeyamwaga lini. Nikasema Pasaka. Sikusema Pasaka ipi. Nikainama nikafungua koki ya chini ya tangi, na maji ya kahawia yakatoka muda mrefu, watu wote wakiangalia. Hiyo ni aibu ya kwanza.

Mwaka juzi Bwana Shamba akaanguka uani. Kiharusi kilichukua upande wote wa kulia na kikachukua maneno. Hospitali ya misheni ilikaa naye mwezi mzima, akarudi akiwa na mkono wa kushoto tu unaomtii, nao si mkono wa kuandika. Tulijaribu kumpa kalamu, akachora mistari kama kuku aliyepita kwenye majivu. Sauti kubwa ikawa inamtesa. Pikipiki ikipita bila ekzosi, mwili wote unatetemeka.

Mimi nikawa naenda kwao kila Jumamosi kujaza upepo matairi ya kiti chake cha magurudumu. Ndivyo nilivyojua kilichokuwa kinamla Mwalimu. Si kumwogesha wala kumlisha, hayo aliyaweza. Lilikuwa swali moja: bado yumo? Madaktari walisema huenda anaelewa yote, huenda haelewi. Ndugu walikuwa wanakuja, wanakaa mkekani, wanamzungumzia mbele yake kama wanazungumzia kabati. Kaka yake mkubwa, Mzee Saturnini wa Mbekenyera, alisema waziwazi kwamba mdogo wake hajitambui, kilichobaki ni kumtunza. Na mimi, nikiri, nilikuwa upande wa Mzee Saturnini, ila nilikaa kimya.

Sasa, ukimwachia mwalimu swali, atatunga mtihani. Mwalimu Valentina alichonga ndege wawili wa aina moja. Mmoja akampaka sawasawa, wa pili akamkosea kitu kimoja kwa makusudi, mdomo au miguu. Akawaweka wote kwenye meza ndogo mbele ya mumewe. Kama Bwana Shamba bado yumo, atamsukuma yule mwenye kosa. Bwana Shamba akawasukuma wote wawili, wakaanguka.

Mzee Saturnini akatikisa kichwa. Mwalimu akasema aliyefeli ni brashi. Kwa mtu anayejua ndege vile, wote wawili walikuwa na kosa, wamejaa mistari. Nikaona huyu mama anajidanganya kwa akili nyingi. Lakini alipokuja kuniomba mashine ya upepo isiyopiga kelele, ningemkataliaje? Nilikwishajua upepo ule ni wa nini.

Nikamtengenezea moja kwa kompresa ya friji bovu. Mafundi wengi wanafanya hivyo, na ni kimya kweli, unasikia kama paka anakoroma. Mwalimu akafurahi siku mbili. Siku ya tatu akaniita nione rangi. Juu ya bawa palikuwa na viduara vidogo, kama macho ya mafuta juu ya mchuzi, rangi imekataa kushika. Alikuwa ameshafanya uchunguzi wake. Aliuelekeza mpira kwenye karatasi ya chooni, akapuliza dakika kumi, karatasi ikapata doa la mafuta. Akaniuliza oili ile ndani ya friji huwa inakwenda wapi. Nikafikiri. Ndani ya friji inazunguka na kurudi. Kwetu ilikuwa inatoka hairudi, inamalizikia kwenye ndege, na mashine yenyewe inakauka taratibu mpaka ife. Aibu ya pili.

Safari hii tukakaa chini kama watu wazima. Mwalimu alikuwa na daftari, mimi nilikuwa na chai. Tukakubaliana iwe mashine isiyotumia oili kabisa, na kelele yake isizidi watu wawili wanaoongea. Kuhusu tangi tulibishana. Yeye aliona ni mzigo bure, mimi nikamwambia bila tangi upepo unakuja kwa kurukaruka na mkono wako utaonekana una homa. Tena umeme wetu unaujua, ukikatika katikati ya bawa, tangi la lita ishirini na nne linakumalizia bawa. Hapo nilishinda, na niseme nilijisikia vizuri, maana si kila siku unamshinda Mwalimu Valentina. Yeye akaongeza kwamba lazima pawe na saa ya presha inayosema kweli, na kikombe cha kioo cha kunasa maji kabla hayajafika kwenye kalamu. Koleta akaitafuta Dar, akaitia kwenye basi, ikafika mwezi wa pili imeviringishwa taulo.

Ilikuwa mashine nzuri. Tangi jekundu, kichwa kidogo, na ubavuni mwa kichwa kifuniko cha plastiki chenye sponji ndani, pale inapovutia pumzi. Nilimfundisha Mwalimu kufungua koki kila akimaliza kazi, kupaka povu la sabuni kwenye maungio kutafuta panapovuja, na kuiwasha tangi likiwa tupu, asubuhi, kwa sababu jioni umeme wa Nachingwea unashuka na mota inabaki inanung'unika bila kuzunguka. Akaandika yote.

Ikabaki kuichagulia mahali. Nikasema adui wa mashine ya upepo ni vumbi, na nyumba ile iko kando ya barabara ya changarawe. Chumba kimoja tu kilifaa, stoo ya nyuma. Bwana Shamba aliijenga mwenyewe kwa mafundisho yake mwenyewe, ya sakafu ya saruji, dirisha la juu, chaga za mbao za kuinua vitu, mlango unaofunga sawasawa na kufuli. Mwezi ule ilikuwa tupu. Tukaiweka mashine pale, tukapitisha mpira chini ya mlango hadi kibaraza cha nyuma, na ndege wakawa wanakaushwa humo humo stoo, juu ya rafu, mbali na nzi.

Na mtihani ukaanza kufaulu. Mdiria wa mdomo mweusi akasukumwa, wa mdomo mwekundu akaachwa. Kunguru mwenye kola ya kijivu akasukumwa, mwenye kola nyeupe akaachwa. Mwalimu alikuwa ananipigia simu kila mara, hata salamu alisahau. Ilipofika mwezi wa tano alikuwa amepata saba kwa saba. Mzee Saturnini alipoambiwa alisema anafurahi, lakini hakuwa ameona kwa macho yake, na bahati nasibu ipo.

Juni ikaingia. Wakulima wakagawiwa salfa, injini za kupulizia zikaanza kulia mashambani alfajiri kabla upepo haujaamka, na mji mzima ukanuka kiberiti kama kila mwaka. Mifuko ya shamba la Malolo ikaletwa ikapangwa stoo, maana ukiiacha shambani utaikuta kwa jirani. Hakuna aliyefikiri lolote. Kwetu salfa ya Juni ni kama baridi ya Juni.

Katikati ya Julai Mzee Saturnini akaja na uamuzi wa ukoo. Chumba kimeandaliwa Mbekenyera, dada zao wawili wapo, na shemeji yake naye ni mzee, atavunjika mgongo. Hakuwa mtu mbaya. Aliyasema hayo huku machozi yakimtoka, na ni mtu wa miaka sabini na saba. Lakini alisema pia kwamba mtu asiyejitambua hajui yuko kwa mke au kwa kaka. Mwalimu akamwomba amwache mpaka sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, mwezi wa nane. Akasema atamwonyesha kwamba mdogo wake yumo, na akishindwa, hatazuia mtu. Wakakubaliana hivyo mbele yangu.

Kwa mtihani huo alimchagua chozi, yule ndege mdogo wa maua, dume lake linang'aa mwili mzima kama shaba. Ndiye Bwana Shamba aliyempenda kuliko wote. Mwalimu akaagiza rangi yenye unga wa shaba ya kweli ndani yake, akapaka wawili, mmoja sawasawa na mmoja akamtia tumbo jeupe. Wakakaa stoo siku nne wakauke. Mzee Saturnini akaja, tukakaa kibaraza cha mbele.

Bwana Shamba akawaangalia. Akawasukuma wote wawili. Kisha akainua mkono wa kushoto, akanyoosha kidole nyuma ya bega lake, kupita nyumba, upande wa kaskazini.

"Anaonyesha kwao," Mzee Saturnini akasema taratibu. "Anataka nyumbani, shemeji."

Na kweli Mbekenyera ni upande huo. Mimi niliwaokota ndege, nikaona shaba imeanza kufifia, imekuwa kama sarafu ya zamani. Tukasema rangi mbovu. Koleta akatuma kopo la duka lingine, Mwalimu akapaka jozi ya pili, na baada ya siku kadhaa nao wakawa weusi vile vile. Bwana Shamba akawasukuma tena, akanyoosha kidole tena, safari hii kwa hasira, mate yakimtoka. Tukampeleka chooni, hakutaka. Tukampa maji, uji, redio. Kidole kikarudi hewani.

Nikasema basi ni mashine, na mashine ni yangu. Nikaifungua yote. Maji hapakuwa na tone. Karatasi ya chooni ikatoka safi, hakuna oili. Povu la sabuni halikutoa kiputo hata kimoja kwenye maungio. Nikafungua kifuniko cha ubavuni, nikatoa sponji. Ilikuwa ya njano, njano nzuri iliyoenea sawasawa, kama sponji za kuoshea vyombo. Nikaipigapiga kwenye goti, nikairudisha. Suruali ikabaki na vumbi la njano, nikalipangusa. Nani huku ana suruali isiyo na vumbi la njano mwezi wa saba?

Nikamwambia Mwalimu mashine ni nzima, haina ugonjwa. Akasema basi mgonjwa ni Baba Koleta. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kumsikia Mwalimu Valentina akifunga jambo bila kuuliza swali, na iliniuma kuliko fimbo ambazo hakuwahi kunichapa.

Siku ya Kupalizwa, baada ya misa, Mzee Saturnini akaja na Noah ya kukodi, godoro limetandikwa nyuma. Mimi nilikuwa nimepiga magoti uani na pampu ya mkono, najaza matairi ya kiti ili safari isimsumbue. Mwalimu alikuwa ndani anakunja mashati. Kwenye meza ya kibaraza palikuwa na jozi ya tatu ya chozi, aliipaka bila matumaini, nayo imeshakuwa nyeusi. Bwana Shamba alikuwa ameketi ameinua kidole. Mkono ulichoka, ukaanguka pajani. Akauinua tena. Hakuna aliyemtazama. Ukaanguka, akauinua.

Nilihesabu mara tano. Ndipo nikamwona yule mtoto wa nyuma mwenye kigugumizi, na darasa zima limenyamaza kwa ajili yake. Nikaacha pampu. Mwalimu alikuwa anatoka na begi.

"Mwalimu," nikamwambia, "kuna mwanafunzi amenyoosha kidole."

Alisimama. Aliniangalia mimi, akamwangalia mumewe, akaweka begi chini. Nikasema tusikisie tena anataka nini, tumsukume anakoonyesha mpaka aseme basi.

Nikashika kiti. Tukazunguka nyumba. Kwenye njia ya choo nikapunguza mwendo, kidole kikasema mbele. Jikoni, mbele. Pale ambapo uzio unaishia na barabara ya kaskazini inaonekana, nilidhani sasa ataonyesha huko, na nilimwona Mzee Saturnini naye anasubiri. Bwana Shamba akakunja mkono wake kushoto, akagusa mlango wa stoo.

Mwalimu akafungua kufuli. Nilimwingiza. Ilikuwa imebaki mifuko sita ya salfa kwenye chaga, mmoja umefunguliwa, mdomo wake umefungwa kwa kamba ya katani. Akanyoosha mkono akaukandamiza ule mfuko mdomoni, vidole vikatoka vya njano. Kisha akaonyesha mashine. Nikamsogeza. Akatafuta kidogo kwa mkono, akaweka kidole chake juu ya kile kifuniko cha ubavuni, akakiacha pale.

Nilikifungua nikiwa nimeshaanza kujua. Sponji na kidole chake vilikuwa vya rangi moja. Mwalimu akaenda ndani, akarudi na boksi la mashine, akatoa sponji ya akiba ambayo hatukuwahi kuigusa. Ilikuwa nyeupe kama pamba.

Nikakaa chini, juu ya mfuko wa salfa, kwa sababu redio ya baba ilinirudia yote kwa mpigo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba aliiweka redio kwenye chumba cha pembejeo ili isiibiwe, na ilipokufa Bwana Shamba aliifungua uani kwetu, akatuonyesha nyaya za ndani zimekuwa nyeusi. Akasema salfa inakula shaba, msilaze vitu vya shaba chumba kimoja na salfa. Aliuinua ule waya juu watu wote wauone. Nilikuwa nimesimama mbele kabisa. Tangu Julai mtu yule yule alikuwa ananikumbusha somo lile lile, na mimi nilikuwa nampelekea uji.

Niliwaeleza hayo, na hiyo ndiyo aibu ya tatu. Mashine ilikuwa inavuta salfa na kuipuliza kwenye rangi ya shaba, halafu ndege wenyewe wanalala siku nne mle mle. Alikuwa akiwasukuma wote wawili kwa sababu wote wawili walikuwa wameharibika. Hakukosea hata mara moja.

Mwalimu alichuchumaa mbele ya kiti.

"Ulikuwa unatuambia tangu chozi wa kwanza?"

Bwana Shamba akainamisha kichwa, akakiinua. Ndiyo kubwa, isiyo na shaka.

"Nisamehe, Baba Koleta," Mwalimu akasema. "Nilikupa mtihani, nikakataa kusoma majibu." Akaweka uso kwenye magoti ya mumewe akalia kwa sauti, na ule mkono wa njano ukaja ukatulia kichwani kwake, ukaacha alama kwenye kitambaa chake cheupe cha misa.

Mzee Saturnini alikuwa mlangoni. Alivua kofia. Akaingia, akainama mbele ya mdogo wake, akamwamkia kwa Kimwera, salamu nzima ya nyumbani na maulizo yake yote, akingoja baada ya kila neno kama mtu anavyongoja jibu. Karibu miaka miwili alikuwa akija pale, na hakuwa amemsalimia. Alikuwa anatusalimia sisi. Bwana Shamba alijibu kila salamu kwa kichwa. Jioni Noah ilirudi Mbekenyera na godoro lake tupu.

Mashine sasa iko chumbani kwao, pembeni ya kitanda, maana haina kelele ya kumtesa. Sponji ninaiosha kwa sabuni kila mwezi, naianika kivulini. Chozi wa mwezi wa tisa bado anang'aa, yuko dirishani, na mwenzake wa tumbo jeupe alisukumwa siku ya mtihani mbele ya Mzee Saturnini, akaangukia kwenye sufuria ya mboga.

Mimi naenda kila Jumamosi. Najaza matairi, namwaga maji ya tangi, nafunga koki, naaga. Juzi nilikuwa na haraka, wateja walikuwa wananipigia simu, nikashika njia. Nikageuka mlangoni sijui kwa nini. Bwana Shamba alikuwa amenyoosha kidole kwenye mashine. Nikarudi, nikapiga magoti, nikafungua kifuniko cha sponji.